Milimita 50 za Kisii

Mpiga picha wa harusi wa Kisii enzi za filamu aliweza kukisia kwa macho lenzi ya milimita 50 itabeba watu wangapi. Fremu ya kamera nyingi ilikuwa ileile, milimita 36 kwa 24 kwenye filamu ya milimita 35, kipimo ambacho Leica ilikieneza kuanzia 1925. Nilifunzwa kazi katika studio ya mjini, na hadi leo nafikiria kwa kipimo hicho ninapopiga picha katika boma la Nyamira, mteremko ukininyima nafasi ya kurudi nyuma.

Zikaja kamera za dijitali. Canon 300D ya 2003 ilikuwa na kihisi cha takriban milimita 23 kwa 15, na lenzi ya 50 ikawa inaona kama ya 80. Mashangazi waliosimama pembeni wakakatwa. Lenzi yenyewe haikubadilika hata kidogo. Kihisi kilinasa sehemu ya katikati tu ya taswira.

Toleo la 2.2 la Exif, kiwango cha taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili la picha, lilitoka 2002 na lilitenga nafasi ya kuandika urefu wa fokasi unaolingana na filamu ya milimita 35. Kamera isipoijaza, programu inaweza kutafuta ukubwa wa kihisi na kuzidisha yenyewe. Nasisitiza namba zote mbili, urefu halisi na ule unaolingana, zionyeshwe. Kijana wa Keroka anayeanza kwa simu akisoma milimita 4 pekee, haimsaidii. Akisoma pia 26, anajua ukoo mzima utaingia bila yeye kurudi hadi ndani ya majani chai.