Mla Vitabu Asiye na Kitabu: Mhusika Bookworm na Suala la Mtunzi

Makala haya yanamchunguza mhusika mwovu ambaye silaha yake ni fasihi yenyewe. Huenda msomaji akaona kwamba hadithi za picha za Marekani ni jambo dogo kwa jarida la taaluma za Kiswahili. Hata hivyo, historia ya mhusika huyu inazua swali linalotuhusu sisi pia: kazi ni ya nani, na jina la mtunzi linahifadhiwa wapi?

Maadui wengi wa Batman walizaliwa katika hadithi za picha, kisha wakaingia kwenye televisheni. Bookworm, yaani mdudu mla vitabu, alipita njia ya kinyume. Alibuniwa kwa ajili ya televisheni na kuonekana katika sehemu mbili za tamthilia ya Batman, zilizorushwa na ABC tarehe 20 na 21 Aprili 1966. Aliyemwigiza ni Roddy McDowall. Miongo kadhaa baadaye alipata nafasi katika hadithi za picha za Batman '66, zilizoanza kutolewa mwaka 2013.

Bookworm amesoma vitabu vingi mno, lakini hawezi kubuni kisa chake mwenyewe. Kwa hiyo hata uhalifu wake huuazima vitabuni. Anamfunga Robin kwenye ulimi wa kengele kubwa. Anawanasa mashujaa wote wawili ndani ya kitabu cha mapishi chenye ukubwa wa nyumba. Watazamaji hucheka, lakini hoja iko wazi: uovu wake hautokani na kusoma, bali na utasa wa ubunifu.

Je, kila aazimaye ni mwizi? La. Mhusika Mad Hatter, aliyeingia katika Batman mwaka 1948, alitokana na kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri na mchora katuni wote wawili waliazima, lakini kila mmoja aliongeza cha kwake, na chanzo hakikufichwa.

Wizi halisi ulikuwa kwingine. Batman alipotokea mwaka 1939, Bill Finger alishiriki kumbuni pamoja na Bob Kane, naye ndiye aliyeandika visa vyake vingi vya mwanzo. Hata hivyo, kwa miongo mingi ni jina la Kane peke yake lililotajwa kuwa la mbunifu. Finger alifariki mwaka 1974. Jina lake lilianza kutajwa rasmi kando ya lile la Kane mwaka 2015. Hivyo tamthilia iliyomcheka mwizi wa visa ilijengwa juu ya kazi ya mtu aliyenyimwa jina.

Turudi kwetu. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya Bookworm kuonekana, André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Hakuwa msomi wa chuo, wala hakuandika kwa Kiswahili sanifu. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ya watu aliowasimulia. Johannes Fabian alipoichapisha kazi hiyo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, jina la Yav lilibaki. Yav ni kinyume cha Bookworm: hakuwa na maktaba, lakini alikuwa na neno lake.

Funzo hili linatugusa sisi wa chuo. Tunapokwenda Ruashi, Katuba au Kenya kukusanya masimulizi, mara nyingi msimulizi hugeuka kuwa “mtoa habari” tu, na kazi hubeba jina la mkusanyaji. Inafaa tumwulize kila msimulizi kama anapenda jina lake liandikwe, na akikubali, tuliandike mwanzoni mwa matini, si katika shukrani. Asiyefanya hivyo anakula vitabu ambavyo bado havijaandikwa.