Kipandio cha Mbegu: Jina na Kazi Yake

Huko Lupaso, wilayani Masasi, mahindi hupandwa kwa jembe la mkono. Mkulima anatia jembe, anainua udongo kidogo, anadondosha punje mbili tatu, anafukia kwa unyayo, kisha anapiga hatua. Yapo maeneo duniani ambako kazi hiyohiyo imefanywa tangu karne ya 19 kwa vifaa vya mbao na chuma vinavyosukumwa kwa nguvu ya mkono, na leo wapo watu wanaovisaka vile vya zamani, wakavisugua kutu na kuvirudisha kazini. Sisi tumevipa vyote jina moja la mkopo: planta. Kuna planta ya trekta, planta ya ng'ombe na planta ya mkono. Shambani jina hilo linatosha. Kwa fundi anayekarabati, au kwa anayetaka kuandika kibandiko cha maelezo kwenye mkusanyo wake, halitoshi, kwa sababu vifaa hivyo havifanani hata kidogo kwa namna vinavyofikisha mbegu ardhini.

Tuanze na kitenzi. Kupanda kuna kazi nyingi mno: tunapanda mbegu, tunapanda mti, tunapanda mlima, tunapanda basi, na bei nayo inapanda. Palipohitajika kubainisha, Kiswahili kilijitafutia maneno mengine. Kusia ni kutawanya mbegu juu ya ardhi. Kuatika ni kuziotesha kitaluni, na kupandikiza ni kuhamisha mche. Hata kifaa kikongwe kuliko vyote, mti uliochongwa ncha wa kutobolea ardhi, kina jina lake: muo. Huo hauhitaji kutafsiriwa upya na kuitwa kijiti cha kupandia.

Masasi yenyewe si ngeni kwa mijadala ya maneno. Askofu Edward Steere, aliyeanzisha kituo cha misheni ya UMCA hapo mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan wa misheni hiyohiyo akafuatia na kamusi zake za mwaka 1894 na 1903. Katika kamusi zetu neno kipandio limo, ila kwa maana ya kitu cha kukwelea, kama kidato cha ngazi. Ndiyo maana ukisema kipandio peke yake unaweza kuletewa ngazi. Dawa yake ni nyepesi: ongeza mbegu, useme kipandio cha mbegu.

Muundo wa neno hilo unaufaa mkono. Kibanio, kifutio na kipimio ni vifaa ambavyo mtu huvitumia kufanyia kazi yeye mwenyewe. Kipaza sauti na kizima moto vimeundwa kwa njia nyingine, na jina linakipa kifaa chenyewe tendo. Kwa hiyo kipandio cha mbegu kiwe jina la ukoo mzima, na chini yake tugawe kwa tendo.

Cha kwanza ni kipandio cha kudunga. Wabrazili wanakiita matraca, na wakulima wa kilimo hifadhi huku Afrika Mashariki wamekwisha kukijaribu. Ni mbao mbili ndefu zilizoungwa kwa bawaba karibu na ncha, na chini zina mdomo wa chuma. Mishikio ikiwa imeachana, mdomo umefumba. Unaudunga ardhini, unaileta mishikio pamoja, mdomo unafumbuka na mbegu inabaki shimoni. Pembeni kuna kisanduku cha mbegu, na chini yake kipande cha chuma chenye tundu huteleza huku na huku, kikichota punje kwa kipimo na kuziachia zishuke.

Tundu hilo ndilo roho ya kifaa. Punje 1,000 za ufuta zina uzito wa gramu 3 hivi, ilhali za mahindi hukaribia gramu 300, kwa hiyo tundu la moja haliwezi kuwa la nyingine. Anayekarabati asilipanue kwa tupa eti linakwama. Alisafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Kutu ya mdomoni iondolewe kwa brashi ya waya, bawaba itiwe oili, na mti uliooza ubadilishwe kwa mninga au mbao nyingine ngumu. Kisha ajaribu juu ya turubai, adunge hewani mara 10 na kuhesabu punje zilizoanguka kila mara. Rangi mpya haitamwambia lolote kuhusu upimaji.

Cha pili ni kipandio cha gurudumu, na hapa ndipo mtego wa tafsiri ulipo. Jina lake la Kiingereza ni lilelile la mashine ya kutobolea chuma, na mfasiri mvivu angetuletea keekee ya mbegu. Lakini kifaa hiki hakitoboi. Kinachana mfuo, kinadondosha mbegu mfululizo, kisha kinafukia. Mwingereza Jethro Tull anatajwa sana kwa mashine yake ya mwaka 1701 hivi, ingawa Wachina walikuwa na ya mirija kadhaa karne nyingi kabla yake. Ya kusukuma kwa mkono inayotafutwa sana na wakusanyaji ni Planet Jr., ya kampuni ya Samuel Leeds Allen wa Philadelphia.

Cha tatu hutawanya: mfuko unaning'inizwa begani, mpini unazungushwa, na sahani iliyo chini inazitupa mbegu mbali. Hiki kinasia chenyewe, basi kifuate muundo wa kipaza sauti: kirusha mbegu.

Kibandiko kizuri kitaje pia zao na udongo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufika hadi Nachingwea, jirani na Masasi, ulikuja na mitambo mikubwa. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, ukaivunja mitambo hiyo, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mdomo wa kudunga nao huingia bila shida kwenye kichanga cha uwanda wa Newala, lakini kwenye mfinyanzi wenye maji huziba baada ya mashimo machache.

Planta ibaki midomoni mwa wanaoizungumza, haina ubaya. Kipandio cha mbegu kitakuwa kimekubalika siku mteja atakapokitaja dukani Masasi mjini, na muuzaji akauliza tu: cha kudunga au cha gurudumu?