Pazia la dirisha dogo: sitara ya nyumba bila kufunga upepo

Idi ikikaribia, mafundi cherehani wa Mombasa huwa na kazi za aina mbili: nguo na mapazia. Mimi ni wa mapazia. Swali ninaloulizwa kwanza na kila mteja ni la rangi, na ndilo ninalolijibu mwisho.

Nyumba nyingi za kupanga, kuanzia Majengo hadi Kisauni na Likoni, zina sebule ndogo na dirisha moja lenye vyuma. Dirisha hilo hilo ndilo la mwanga, ndilo la upepo, na ndilo linaloleta macho ya wapita njia. Ukilifunika kupita kiasi, watoto husomea taa mchana, feni haipumziki na bili ya stima hupanda. Ukiliacha wazi, mama wa nyumba hawezi kuvua mtandio ndani mwake. Pazia zuri ni lile linalotimiza haja hizi mbili pamoja.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu hazikuwa na madirisha mengi ya barabarani. Mwanga na hewa viliingia kupitia kiwanda cha ndani. Baadaye, katika Mji wa Kale wa Mombasa, yakaja madirisha ya mbao yenye mianya, ambayo mtu wa ndani huona nje bila kuonekana. Leo tuna kioo na vyuma, kwa hiyo kazi ile ya mbao imeangukia kitambaa.

Tazama dirisha limeelekea wapi

Sisi tuko karibu na ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini yake. Dirisha la mashariki hupigwa na jua la asubuhi, na la magharibi hupigwa alasiri, wakati hewa ya nje nayo imeshapata moto. Hilo la magharibi ndilo gumu zaidi. Madirisha ya kaskazini na kusini hayasumbui sana.

Halafu uangalie upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kiasi cha Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia mwezi wa Aprili na kuendelea. Dirisha linalotazama mashariki basi ni neema. Usilizibe kwa kitambaa kizito.

Wengi hudhani pazia nene huzuia joto. Husaidia kidogo, hasa likiwa na upande mweupe unaotazama kioo, lakini jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kivuli cha nje ndicho kinachofaa zaidi: paa lililotokeza, mti, au mkeka wa mwanzi uliotundikwa nje ya dirisha la magharibi na kukunjwa jua likishatua.

Sitara ya mchana si ya usiku

Neti nyepesi humficha mtu mchana, kwa sababu nje kuna mwanga zaidi kuliko ndani. Usiku mambo hugeuka: taa ikiwaka ndani, anayepita nje huona kila kitu. Kabla ya kulipia neti peke yake, itundike, washa taa baada ya magharibi, kisha toka nje utazame mwenyewe.

Ndiyo maana nashauri matabaka mawili: neti ya mchana, na kitambaa kisichoonyesha cha kuvutwa usiku. Kwa dirisha lililo usawa wa njia, kuna dawa nyingine ya bei nafuu: pazia nusu, linaloanzia katikati ya dirisha kwenda chini. Anayepita haoni ndani, na hewa ya moto, ambayo hupanda, hupata pa kutokea juu.

Kwa dirisha la kioo cha kuteleza, kumbuka kwamba ni nusu yake tu inayofunguka. Kitambaa kikusanyie upande usiofunguka.

Kitambaa

Pamba hupumua na huanguka vizuri, lakini hurudi ikifuliwa na hupauka juani. Ifue kabla ya kuikata. Poliesta hairudi, hukauka haraka na hukaa na rangi yake muda mrefu zaidi, ila ikiwa nzito hufungia hewa. Mchanganyiko wa viwili hivi ndio ninaoushona zaidi. Mahameli ni mazuri kuyatazama, lakini hubeba vumbi, na msimu wa mvua hukaa na unyevu mpaka yanuke. Katika sebule ya dirisha moja, mimi humwambia mteja ayaache.

Leso pia hufaa kwa dirisha dogo, hasa kwa pazia nusu. Ni pamba, ni nyepesi na pindo lake ni pambo tosha. Ukiikata, hakikisha jina au methali haikatiki katikati.

Vipimo

Hapa ndipo pesa hupotea. Tuchukue dirisha la upana wa sentimita 90 na urefu wa 120, yaani takriban futi tatu kwa nne. Fimbo izidi sentimita 15 kila upande, iwe 120. Hivyo pazia likivutwa kando hukaa ukutani, na dirisha lote hubaki wazi. Kwa dirisha dogo hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana fimbo inayolingana na dirisha hula robo ya mwanga hata pazia likiwa limefunguliwa.

Ili mikunjo ikae vizuri, kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 240 au zaidi. Kitambaa cha upana wa 150, vipande viwili, hutoa 300. Ukitoa pindo za kando unabaki na kama 280. Inatosha.

Urefu: fimbo iwekwe sentimita 15 juu ya dirisha, na pazia lishuke 15 chini yake. Hiyo ni 150. Ongeza 25 za pindo la juu na chini, upate 175 kwa kipande, na mita 3 na nusu kwa viwili. Ikiwa ni pamba, nunua robo mita zaidi kwa ajili ya kurudi. Muuzaji akikwambia mita saba kwa dirisha kama hili, mwonyeshe hesabu yako. Na upana wa kitambaa upime mbele yake kabla hakijakatwa, usitegemee kuambiwa.

Kama hakuna kochi chini ya dirisha, pazia la kufika sakafuni hufanya chumba kionekane kirefu. Kama kochi lipo, fupi linatosha. Lililobanwa nyuma ya kochi huota ukungu.

Fimbo

Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Fimbo ya chuma cha rangi huanza kutu kwenye ringi, na kutu hiyo huchafua kitambaa, wala haitoki kwa sabuni. Tumia alumini, mbao au mwanzi. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kutumia fimbo ya springi inayobana ndani ya dirisha, lakini hiyo ni ya neti na pazia jepesi tu.

Rangi, sasa

Rangi iliyo karibu na ya ukuta hukifanya chumba kidogo kionekane kikubwa. Maua makubwa hukibana. Mistari ya kusimama hukiinua. Nyeupe tupu huonyesha vumbi la barabarani ndani ya wiki, kwa hiyo rangi ya mchanga au maziwa ni bora. Ukipenda rangi kali, iweke kwenye mito ya kochi, ambayo kuibadilisha si gharama.

Usalama

Penye mtoto mdogo, usiache kamba ya pazia ikining'inia. Humnyonga mtoto kimya kimya. Stima ikipotea, mshumaa usiwekwe dirishani, kwani upepo ule ule tunaoutaka hupeleka kitambaa kwenye moto. Wanaopikia chumba hicho hicho, jiko likae mbali na dirisha, na pazia liwe fupi.

Mwisho, mapazia yafuliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, na zaidi wakati wa kaskazi penye vumbi. Anika kivulini, upande wa nyuma ukitazama nje. Anayebana bajeti ya Idi anunue neti nzuri na pazia moja la usiku, na fedha itakayobaki aiweke kwenye fimbo isiyoshika kutu.