Busia na Tororo: Maisha Rahisi kwa Nani?

Katika Kiswahili neno rahisi lina maana mbili. Kitu rahisi ni kile kinachopatikana kwa fedha kidogo. Na jambo rahisi ni lile lisilo na taabu. Maana ya kwanza ndiyo ya asili, kwani neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako huelezea bei ndogo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa Busia na Tororo, kwamba maana hizi mbili hazifuatani kila mara. Watu wanaohama baina ya pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda wamekuwa wakijiuliza kwa muda mrefu: maisha ni rahisi upande gani? Historia inatuonyesha kwamba jibu limegeuka zaidi ya mara moja.

Busia ni mji mmoja kwa jina, lakini una serikali mbili: nusu ya mashariki ni ya Kenya na nusu ya magharibi ni ya Uganda. Tororo uko ndani ya Uganda, kaskazini ya Busia, chini ya mwamba mkubwa uonekanao kutoka mbali. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Wala mpaka wenyewe si wa kale sana. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya, kufika karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda.

Kuanzia mwaka 1921 Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Reli kuu iliyopitia Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Umeme wa Jinja ulizinduliwa mwaka 1954. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 Tororo ukapata kiwanda cha saruji. Kazi za mshahara zikaongezeka katika miji ya mashariki ya Uganda, na watu wengi kutoka magharibi ya Kenya walikwenda kuzitafuta. Katika zama hizo kulinganisha maisha ya mji na mji hakukuwa na mashaka. Mhamaji alitazama mshahara, kodi ya chumba na bei ya unga, akatoa na kujumlisha. Fedha iliyokuwa mfukoni mwake haikupungua thamani kwa kuvuka mto.

Mwaka 1966 kila nchi ilitoa sarafu yake. Kwanza shilingi hizo zililingana, na wengi hawakuona tofauti. Lakini Oktoba 1970 serikali ya Uganda iliamuru wafanyakazi wasio raia, wale wasio na ujuzi maalumu, waondoke nchini. Waliopatwa zaidi walikuwa Wakenya, na maelfu yao walirudi kwao wakiwa wameacha kazi na makazi ya miaka mingi. Hawa walikuwa wamehesabu vema bei za vitu. Jambo ambalo halikuwa mikononi mwao ni haki ya kuendelea kukaa, na bila ya haki hiyo hesabu yote iliharibika kwa siku chache.

Baada ya Idi Amin kutwaa utawala mwaka 1971, na hasa baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, biashara ya Uganda ilidhoofika. Sabuni, chumvi na sukari ziliadimika. Serikali iliweka bei ndogo za bidhaa, lakini mnunuzi alikuta rafu tupu. Na bei ndogo ya kitu kisichopatikana haimpunguzii mtu taabu. Hapo ndipo magendo yalipostawi. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Mkulima wa Uganda, aliyelipwa kidogo na serikali yake, aliona afadhali kahawa yake ivushwe Kenya kwa siri. Mwalimu au karani wa Tororo, aliyeutegemea mshahara wa mwezi peke yake, alizidi kufukarika kuliko jirani yake mchuuzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika mwaka 1977.

Lugha haikukosa kupata fungu lake katika mapito hayo. Inasimuliwa kwamba jina la boda boda lilizaliwa Busia, kwa waendesha baiskeli waliopeleka watu kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi ya pili: ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililotamkwa mara mbili.

Mei 1987 Uganda ilibadilisha sarafu yake. Shilingi 100 za zamani zilihesabiwa kuwa 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Hivyo aliyekuwa na shilingi 10,000 alibaki na 70 mpya. Desemba mwaka huo huo majeshi ya nchi hizi mbili yalipigana Busia na mpaka ukafungwa. Mwenye kulala upande mmoja na kuchuma upande wa pili alitenganishwa na riziki yake.

Ama kuhusu elimu, njia ziliachana mwaka 1985, Kenya ilipoanzisha miaka 8 ya msingi huku Uganda ikibaki na 7. Hata leo, baada ya Kenya kuanza mtaala mpingine mwaka 2017, mzazi anayehama humhamisha mtoto kutoka mtihani mmoja hadi mwingine. Ada ya shule za msingi za serikali ilipunguzwa au kuondolewa Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003. Malipo katika hospitali nyingi za serikali ya Uganda yaliondolewa mwaka 2001. Mambo haya hayaonekani katika bei ya nyanya, lakini yanaingia katika gharama ya maisha.

Siku hizi njia imefunguka tena. Soko la pamoja la Jumuiya mpya lilianza Julai 2010. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na Februari 2018 Busia ulizinduliwa kituo kimoja cha pamoja cha forodha. Shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya 20 za Uganda, na vyakula vingi vya Uganda huuzwa Kenya. Basi anayelipwa kwa fedha ya Kenya akapanga chumba na kununua chakula Uganda, hesabu humpendelea. Anayelipwa Tororo kisha akasomesha mtoto Kenya huona kinyume chake. Hata hivyo amri moja yaweza kugeuza mambo, kama ilivyokuwa Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya kuvu.

Sisi walimu tunaweza kulipeleka somo hili darasani. Wanafunzi wasilinganishe bei peke yake, bali waulize: mtu hufanya kazi siku ngapi ili anunue gunia la mahindi? Hulipwa kwa sarafu ipi? Ana haki gani pale anapokaa? Wakishajibu, ndipo waandike sentensi mbili zenye neno rahisi, kila moja kwa maana yake, wakikumbuka walivyosema wahenga: rahisi huvunja upishi.