Barabara ndefu ya mkojo wa mtoto

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilijenga Eldoret hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Miaka miwili baadaye, mjini Baltimore, Marekani, Dkt. Hugh Hampton Young na wenzake walieleza kwa kina kasoro inayowapata wavulana tu: vijingozi vinavyoota ndani ya njia ya mkojo mtoto akiwa bado tumboni mwa mama.

Vijingozi hivyo huzuia mkojo kutoka. Kibofu hutanuka, mkojo hurudi nyuma, na figo huanza kuharibika kabla mtoto hajazaliwa. Huwapata wavulana wachache, takriban mmoja kati ya 5,000 hadi 8,000.

Kuvijua kulikuwa kitu kimoja, kuvifikia kitu kingine. Vyombo vya wakati ule vilikuwa vinene mno kwa kichanga. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1959, pale mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins alipobuni mpangilio mpya wa lenzi uliowezesha kutengenezwa kwa vyombo vyembamba vinavyoonyesha ndani ya mwili vizuri. Leo daktari hupitisha chombo hicho kwenye njia ileile ya mkojo, akakata vijingozi bila kupasua tumbo.

Eldoret nayo ilikuwa ikikua. Mwaka 1998 hospitali ile ya 1917 ikawa rasmi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mwaka 2015 ikafunguliwa hapo hospitali ya umma ya watoto, iliyojengwa kwa michango ya Shoe4Africa, shirika la mkimbiaji Toby Tanser ambalo, ajabu, lilianza kwa kugawa viatu.

Kwa familia ya eneo la Ziwa, kwenye mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu, safari ya kumtafuta daktari wa watoto imefupika. Kinachochelewesha sasa ni kutotambua dalili.

Kwa kasoro nyingine ya njia ya mkojo, desturi ya Wakalenjin wa eneo hili ina faida isiyokusudiwa. Mtoto ambaye tundu lake la mkojo liko chini ya uume hurekebishwa mara nyingi kwa ngozi ya govi, na kwa kuwa wavulana wengi hutahiriwa wakishabalehe, ngozi hiyo bado ipo. Wanaotahiri vichanga waangalie kwanza tundu liko wapi.

Mzazi, ukiona mwanao anakojoa kwa matone, anajikamua au tumbo lake la chini limevimba, mpeleke hospitali ya Ziwa siku hiyohiyo, uombe rufaa.