Mifupa Ilipewa Namba

Ukiipa bahari mgongo pale Mchinga na kushika njia ya bara kuelekea Mipingo, utafika Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, kwa mikono ya mamia ya watu wa Lindi. Werner Janensch na Edwin Hennig, waliouongoza msafara, wanatajwa kila mahali. Kwa upande wetu jina linalosikika zaidi ni la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Waliobaki ni "wapagazi" tu: watu waliobeba mifupa hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne.

Kila mfupa uliandikwa shimo ulikotoka na kupewa namba. Sasa mpagazi akivunjika mguu njiani, angedai wapi?

Hapakuwa na pa kudai. Na si kwamba Wajerumani hawakuijua fidia. Wao ndio waliotangulia. Sheria yao ya bima ya ajali kazini ilipitishwa Julai 1884, miezi minne kabla ya mkutano wa Berlin uliokaa kujadili Afrika. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeumia hakulazimika tena kuthibitisha kosa la tajiri wake. Ilitosha kwamba ameumia kazini. Kwangu hilo ni moja ya mawazo makubwa ya karne ile, ila halikupanda meli ya kuja Lindi. Mifupa ndiyo iliyopanda meli kwenda Berlin.

Waingereza nao walikuwa na sheria kwao tangu 1897. Ya Tanganyika ilitungwa 1948, wakati mashine za korona zilikuwa zimeshasindika mkonge kwa miongo mingi, na wafanyakazi wa mkataba wakiitwa manamba, kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Sheria hiyo ikazeeka vibaya. Hadi inaondolewa, kiwango cha juu kilikuwa Sh 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh 83,000 kwa kifo. Yaani kufa kulikuwa na bei nafuu zaidi.

Sheria mpya ni ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri anachangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Aliyelazimika kupumzika kwa kuumia hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 huleta pensheni ya kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo, mkupuo mmoja.

Kinachonivutia zaidi ni neno "mfanyakazi" katika sheria hiyo. Linamjumuisha hata mwenye mkataba wa mdomo, hata anayelipwa kwa kipande. Mpagazi wa Tendaguru angeingia humo. Lakini dai linataka taarifa ya mwajiri, ripoti ya daktari na ushahidi wa mshahara, na ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12 haki inapotea. Kibarua anayelipwa mkononi jioni ana nini cha kuonyesha? Mradi wa gesi wa Likong'o, kusini kidogo ya Mchinga, ukianza kujengwa utaleta vibarua wengi wa namna hiyo, wengine wakiwa chini ya mkandarasi wa mkandarasi. Mvuvi anayevua kwa dau lake mwenyewe hata swali hilo halimhusu, maana hana mwajiri.