Baiskeli ya ukumbini: Faida zake, na tahadhari kwa anayeanza

KATIKA maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet, mvua ya alasiri ni mgeni asiyebisha hodi. Ndiyo inayostawisha zao hilo, lakini humfungia ndani anayetaka kunyoosha viungo baada ya kazi. Barabara nazo zina miteremko mikali na malori mengi. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, watu zaidi ya 50 walifariki. Si ajabu basi mwendesha baiskeli kusita kuingia barabarani giza likikaribia.

Njia mojawapo ya kukwepa mvua na magari ni kuendesha baiskeli ya mazoezi ukumbini, pamoja na wenzako.

Mtindo huu ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Los Angeles, Marekani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kuvuka Marekani kwa baiskeli, akanusurika kugongwa na gari usiku, ndipo akaamua kujifua nyumbani.

Baiskeli hiyo imekazwa mahali pamoja na ina gurudumu zito mbele. Kuna kifundo ambacho ukikizungusha, gurudumu huwa gumu kusukuma, mithili ya kupanda kilima. Kipindi huchukua takriban dakika 45. Mkufunzi huanza kwa kupasha mwili moto, kisha huongoza kundi kwa muziki, mara polepole mara kwa kasi, na kumalizia kwa kupoza mwili.

Je, nani anayafaidi? Mchumaji wa majanichai anayeshinda vilimani akiwa na mzigo mgongoni ana mazoezi ya kutosha. Anachokosa ni mapumziko. Lakini karani, mwalimu na dereva hushinda wameketi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 nchini ana shinikizo la juu la damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150. Vipindi viwili au vitatu vya baiskeli kwa wiki vinaweza kutimiza hayo, tena bila kuyatwanga magoti kama kukimbia kunavyofanya.

Hata hivyo, nguvu ya kundi ni upanga wenye makali kuwili. Wenzako hukutia ari siku ambayo ungebaki nyumbani, lakini pia waweza kukufanya uone haya kupumzika. Madaktari wameeleza visa vya watu waliolazwa hospitalini baada ya kipindi chao cha kwanza kabisa. Misuli isiyozoea ilipolazimishwa kupita kiasi, seli zake zilivunjika na kumwaga protini katika damu, figo zikalemewa. Dalili zake ni maumivu makali ya mapaja, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Anayeona dalili hizo asingoje kesho; aende hospitalini mara moja.

Anayeanza azingatie haya. Kiti kiwe kwenye kimo cha nyonga unaposimama kando yake, ili goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini. Kifundo kiwe chepesi katika vipindi vya mwanzo, na ukichoka shuka, hata kama wengine wanaendelea. Usichomoe miguu ghafla, kwa maana katika baiskeli nyingi za aina hii pedali huendelea kuzunguka pamoja na gurudumu. Kunywa maji. Aliyetoka Pwani akumbuke kwamba mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo moyo utadunda haraka kuliko alivyozoea. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au mja mzito amwone daktari kwanza.

Kipimo rahisi ni mazungumzo. Ikiwa huwezi kutamka hata maneno machache bila kutweta, legeza kifundo. Hakuna anayekijua isipokuwa wewe.